Barua ya malalamiko: sabiki zenu za "chambo hai" zinaniulia heringi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: PAKITI 12 ZA SABIKI ZA CHAMBO HAI, NDOANA NAMBA 10

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimetumia pakiti 4 kati ya 12 za sabiki nilizonunua kwenu, yaani mishipi yenye ndoana ndogo kadhaa za manyoya ya kuvulia heringi, samaki wadogo wa baharini ambao tunawaweka hai wawe chambo cha samaki wakubwa. Zilizobaki sijazifungua, wala sina hamu ya kuzifungua. Barua yangu ya kwanza mliijibu kwa mistari mitatu, mkiashiria kwamba labda pale nilipovua hapakuwa na heringi, au labda mimi sijui kuwavua. Leo naandika kwa urefu ili atakayenijibu awe na cha kujibu.

Heringi walikuwepo. Tulifika saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao kundi huwa juu likifuata vijidudu vya majini wanavyokula, na kipima kina kilionesha wingu zito kuanzia mita 6. Mwenzangu alishusha sabiki yake ya zamani yenye vipande vya ngozi ya samaki, mimi nikashusha yenu. Mashua moja, kina kimoja, chubwi za gramu 60 kila mtu. Yeye alikuwa akipandisha watatu, wanne kwa mara moja. Mimi nilipandisha mmoja, au midomo mitupu. Tukabadilishana fimbo, na bahati ikahama pamoja na fimbo. Kwa hiyo hilo la mtu asiyejua kuvua naomba tuliweke kando.

Sasa hizo ndoana. Mvuvi yeyote anajua kwamba katika ndoana ndogo namba ikipanda ndoana inapungua, nami nilichagua namba 10 makusudi, kwa sababu heringi wa hapo ni wadogo na mdomo wao ni laini kama karatasi iliyoloa. Katika pakiti ya pili, ndoana tatu za juu zilikuwa ndogo na tatu za chini kubwa. Nilizilaza kwenye rula: kutoka ncha hadi shina, za juu zina milimita 5, za chini zina 9. Hizo si ndoana za namba ileile hata mkizitazama gizani. Tena waya wake ni mnene. Waya mnene hautoboi tundu dogo. Unachana, na samaki anadondoka akiwa amebakiza kidevu nusu.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni matawi, yaani vile vipande vya mshipi vinavyotoka kwenye mshipi mkuu na kubeba ndoana, kwa sababu hapo inaonekana wazi kwamba aliyebuni hakupiga hesabu. Kila tawi lina sentimita 15, na kutoka tawi moja hadi jingine kuna sentimita 20. Matawi mawili ya jirani yakinyooka kuelekeana yanafika sentimita 30, yaani yanapitana. Heringi hatulii akishikwa, anazunguka. Wakishikwa wawili, ndoana ya huyu inamfuata yule, na kinachofika mashuani ni fundo lenye mikia. Tawi la sentimita 8 kwa nafasi hiyo hiyo lisingefika kwa jirani yake.

Mtasema kufumua fundo ni kazi ya dakika mbili. Kwa heringi wa kula ni kweli, maana huyo anaelekea sufuriani na magamba yake hayana kazi tena. Wa chambo anatakiwa aogelee upya, kwanza kwenye tangi, kisha kwenye ndoana kubwa, akiwa na nguvu ya kumshawishi samaki mkubwa amfukuze. Magamba ya heringi hupukutika kwa kuguswa tu, na akiyapoteza baharini maji ya mwilini mwake yanamtoka. Ndiyo maana hatumshiki kwa mkono. Tunashika shina la ndoana kwa kijiti chenye kulabu, tunaipindua juu ya tangi, samaki anadondoka mwenyewe majini. Kwa fundo lenu haiwezekani. Lazima umshike, umgeuze, umchomoe. Na chembe za ndoana zenu, vile vijimeno vinavyoelekea nyuma karibu na ncha, ni ndefu kiasi kwamba hata asiyefungamana hachomoki. Kuanzia pakiti ya tatu nilizibonyeza zote kwa koleo kabla ya kuvua, kazi ambayo kwa sabiki iliyoandikwa "chambo hai" ilipaswa kufanyika kwenu.

Tangi letu lina vyumba viwili na pampu moja. Chumbani mwangu niliwatia 19. Saa sita mchana walio hai walikuwa 5, wengine wameelea na magamba yanang'aa sakafuni kama chenga za kioo. Chumbani mwa mwenzangu walikufa wawili.

Kuna na maelezo ya nyuma ya pakiti. Yanasema mvuvi anyakue fimbo kwa nguvu mara tu samaki anapogusa. Aliyeandika hayo alikuwa akifikiria samaki mwingine. Heringi unamwinulia fimbo taratibu, kama nusu mita, kisha unaishusha bila kuulegeza mshipi, maana mara nyingi hudaka wakati ndoana zinashuka. Akidaka wa kwanza unamwacha, kwani kuhangaika kwake kunazichezesha ndoana nyingine na wenzake wanakuja. Ukimnyakua, umemchana mdomo yeye na umewapoteza hao wengine.

Nisiwaonee: mafundo yenu ni imara, hakuna hata moja lililofunguka, na shanga zinazong'aa gizani zilibaki mahali pake. Manyoya yalianza kubanduka siku ya pili, ila hilo nisingeliandikia barua.

Naomba mnirudishie fedha za pakiti zote 12. Nane nitazirudisha zikiwa zimefungwa, pamoja na moja iliyotumika ili fundi wenu aipime mwenyewe. Naomba pia maneno "chambo hai" yaondolewe kwenye pakiti mpaka matawi yafupishwe na ndoana zilingane na namba iliyoandikwa, na yale maelezo ya kunyakua yafutwe. Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja

Viambatisho: stakabadhi ya malipo, picha mbili za ndoana kwenye rula, picha moja ya fundo.