Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Vita vya Kwanza vya Dunia na Wapagazi Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia afya na kutukutanisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja kufungua maonesho ya klabu yetu. Mwaka huu tumeshughulikia mada moja tu, Vita vya Kwanza vya Dunia, na chanzo chake ni swali la mwanachama wa kidato cha pili ambaye, kama wengi wetu, hupanda daladala za Kariakoo kila asubuhi. Aliuliza neno Kariakoo lina maana gani. Tulinyamaza wote, na mwalimu mlezi akakataa kutusaidia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabu vyetu vya kiada huanzia Sarajevo, ambako tarehe 28 Juni 1914 Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria. Lakini bastola ya kijana mmoja haiwezi peke yake kuliingiza bara zima vitani. Mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kufungamana kwa mikataba ya kusaidiana, Ujerumani na Uingereza zilikuwa zikishindana kuunda manowari, Ufaransa ilikuwa haijasahau ardhi iliyonyang'anywa na Ujerumani mwaka 1871, na kule Balkani kila taifa dogo lilitaka bendera yake huku dola za Austria na Urusi zikivutana juu yao. Austria ilipoitangazia Serbia vita tarehe 28 Julai, haikupita wiki moja na nusu kabla ya Urusi, Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza kuwa vitani.

Swali lililotusumbua zaidi ni kwa nini ugomvi huo ulifika huku. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wazi kwa makoloni ya eneo hili kubaki nje ya vita, na Gavana Heinrich Schnee wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alitamani iwe hivyo. Hata hivyo, tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliipiga mizinga Dar es Salaam, na wiki iliyofuata Wajerumani wakaiteka Taveta. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuficha hesabu yake: hakutarajia kushinda vita hapa, bali alitaka kuwavuta Waingereza wengi kadiri iwezekanavyo wasiende kupigana Ulaya. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu inayotuhusu sisi kuliko zote. Nchi hii ilifanywa chambo, na chambo hakiulizwi.

Mapigano yenyewe hatutayaeleza kwa urefu, ingawa wavulana wa klabu wangependa tukae Tanga, ambako Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000 lilirudishwa baharini na wapiganaji wapatao 1,000, na makundi ya nyuki yaliyochokozwa na risasi yakawashambulia wapiganaji. Sisi tulitaka kujua mzigo ulibebwa na nani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye meza ya kwanza ya maonesho utaona mfuko wa unga wa sembe wa kilo 25, ambao ni karibu sawa na mzigo wa mpagazi mmoja. Tuliubeba kichwani kwa zamu kuzunguka uwanja wa mpira. Aliyeweza zaidi alizunguka mara sita, akaushusha shingo ikitetemeka. Wapagazi walitembea nao kwa siku nyingi, kwa sababu mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe, na reli hazikufika kusini. Halafu tukapiga hesabu ubaoni: mpagazi akila karibu kilo moja ya unga kwa siku, akaenda siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe, na askari aliye mbele atapokea kilo 5. Ndiyo maana kila mwezi walihitajika wapagazi zaidi ili kuwalisha wapagazi waliotangulia. Waingereza peke yao walitumia watu wapatao milioni moja katika kazi hiyo. Takwimu zao rasmi zilihesabu vifo zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Vilivyoua zaidi ni unga usioiva, mvua na uchovu, kuliko risasi. Upande wa Wajerumani wapagazi walichukuliwa kwa nguvu, na hakuna aliyeona haja ya kuwahesabu.

Kikosi hicho cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikalifanya jina hilo Kariakoo hapa Dar es Salaam, na Kariokor kule Nairobi. Tulipompelekea mwalimu jibu hilo, alisema tu, "Sasa mnapanda daladala mkijua."

Sio kwamba watu walikubali kimya. Wagiriama wa pwani ya Kenya walipotakiwa kutoa vijana mwaka 1914 walipigana, na huko Nyasaland, Malawi ya leo, mchungaji John Chilembwe alihoji waziwazi kwa nini Mwafrika afie ugomvi usiokuwa wake, kisha akaongoza maasi Januari 1915 yaliyogharimu maisha yake.

Athari zilizobaki ni nyingi. Kubwa kwetu ni ya Ugogo, ambako majeshi yote mawili, moja baada ya jingine, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, na kati ya 1917 na 1920 inakadiriwa iliua watu 30,000 katika watu 150,000 wa eneo lile. Mwanachama mwenzetu mwenye asili ya Dodoma anasema bibi yake bado hulitaja jina hilo anapoona mtoto akimwaga chakula. Juu ya njaa ikaja homa ya mafua ya 1918, iliyosafiri na meli, reli na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao.

Mipaka nayo ilichorwa upya. Rwanda na Burundi zilikwenda kwa Ubelgiji, na karibu sehemu yote iliyobaki ikawa Tanganyika chini ya Uingereza, kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Udhamini huo ulirithiwa na Umoja wa Mataifa, na ndio uliompa Mwalimu Nyerere mlango wa kwenda New York mwaka 1955 kudai uhuru mbele ya Baraza la Udhamini. Kenya haikuwa na mlango huo: askari wa kizungu waliotoka vitani waligawiwa mashamba, na wanaume Waafrika wakavishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Pia kambi zile zilichanganya watu wa makabila mengi waliolazimika kuelewana, na waliorudi vijijini walirudi na Kiswahili na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi. Tunasita kuiita faida, ila ilitokea.

Mwezi Mei tulitembelea makaburi ya vita yaliyopo Barabara ya Bagamoyo, ambako mwaka 1968 yalihamishiwa makaburi 660 ya vita vile kutoka Ocean Road. Tulipita mstari kwa mstari tukisoma majina, vyeo na tarehe, tukiwatafuta wapagazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Na mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia warithi wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Tunaomba barua ya utambulisho ili wanachama waruhusiwe kusoma kumbukumbu zilizopo Nyaraka za Taifa. Tulikwenda mara moja bila barua, tukarudishwa mlangoni kwa upole. Tunaomba pia kinasa sauti kimoja, kwani simu ya mwalimu mlezi hujaa kabla mzee hajamaliza kutaja ukoo wake. Tumekwisha kuandika majina 11 ya wapagazi yaliyotajwa na wajukuu na vitukuu wao, nayo yapo kwenye daftari la jalada jekundu, meza ya mwisho karibu na dirisha. Kurasa zilizobaki ni tupu.

Tunaomba kuwasilisha.