Mara mbili tu

Mwanangu,

Habari za Dodoma. Sisi hapa Mahenge hatujambo, ila mvua haijakatika tangu Jumapili.

Ulivyokata simu juzi, neno lako moja halijanitoka: "Nimeruka mara mbili tu, mama." Mara mbili tu! Miaka sita asubuhi kidonge kimoja, jioni kimoja, halafu leo unaniambia tu. Dawa yako hii, kabamazepini, haiponyi kifafa, inakizuia. Ukiikatisha ghafla degedege linaweza kufuatana bila kukoma, na mimi niko huku.

Ukisahau, meza ukikumbuka. Saa ya kingine ikiwa imekaribia, kiache hicho, usimeze viwili kwa mpigo. Nimemuuliza nesi, sijatunga.

Najua unaona haya kumeza mbele ya wenzako. Mwambie hata mmoja, yule wa Singida anaonekana ana akili. Ajue kukulaza ubavu, asikutie kijiko mdomoni. Bibi yako alitengewa sahani yake peke yake, na mtu akiangukia motoni watu waliogopa kumshika, wakidhani mate yake yanaambukiza, mpaka yule daktari mama wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alipoanza kutibu kifafa hapa Mahenge miaka ya 1960. Dawa ya fenobabitoni ndiyo iliyowainua wagonjwa. Wewe leo unasomea uhasibu.

Na huo mkono wako: mwaka ule barabara ya Ifakara ilipokatika, vidonge vilikuwa vimebaki kumi. Nilivikata nusu nusu, nikawa nakupa bila kusema, ili vitufikishe. Basi, ndiyo hivyo ulivyoanguka ukaumia mkono. Usinifundishe kwamba kuruka kidogo si kitu.

Lingine nilimwachia shangazi yako, naona anazunguka tu. Dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hata ya kijiti. Sina maana yoyote. Ukienda zahanati, hata kwa malaria, waambie kwanza unachotumia.

Yule kuku wa kijivu ametotoa saba, mwewe kachukua wawili. Baba yako anasema bati la jikoni atalipigilia kesho. Kesho hiyo unaijua.

Nimempa kondakta mfuko: mchele kilo tano, na chini kabisa, ndani ya soksi, dawa ya miezi miwili. Ni vidonge 120, nimevihesabu mara mbili. Jumapili nikipiga simu, kabla hata ya shikamoo, niambie vimebaki vingapi.

Mama yako