Trekta la kesho: someni kabla ya kulala

Habari za jioni wanakikundi. Kesho saa 1 asubuhi trekta linaanzia mashamba ya Chamwino. Safari hii linakuja na rotaveta, yaani mashine ya visu vinavyozunguka kulainisha udongo, siyo jembe la sahani tulilozoea. Shafti inayoiunganisha na trekta huzunguka mara 540 kwa dakika; ikidaka ncha ya nguo, hupati hata muda wa kupiga kelele. Migolole na khanga zibaki nyumbani, hata kama kuna kibaridi. Visu vikinasa mabua ya mtama, dereva azime injini, atoe ufunguo, asubiri vitulie. Rotaveta ikiwa juu iwekewe gogo imara chini kwanza, maana haidroliki, mfumo wa mafuta unaoiinua, huweza kuachia bila taarifa. Wapenda kudandia madigadi, mwaka huu hapana. Mwenye visiki shambani aseme leo.