Mchoro wa Daraja la Jirani Hauvuki Mto Wako

Hivi karibuni mteja mmoja alituandikia barua ya kurasa mbili akidai kwamba tumemlaghai. Alikuwa ametuomba usanifu wa daraja la mita 15 la kuingilia shambani kwake, nasi katika mchanganuo wa gharama tukatanguliza upimaji wa mto, ukokotoaji wa mafuriko na uchorongaji wa mashimo mawili ya kuchunguza udongo. Alisema aliagiza daraja, hakuagiza mashimo, na kwamba jirani yake mwenye daraja la mita 12 alikuwa tayari kumpa michoro yake bure. Sisi tungebakiwa na kazi ya kuongeza mita tatu na kugonga muhuri. Kwa kuwa malalamiko ya namna hii hutufikia mara kwa mara, tumeona tuyajibu hadharani.

Tuanze na mita tatu hizo. Boriti iliyoegemezwa kwenye ncha zake mbili, ikibeba mzigo uliosambaa sawasawa, hupindwa kwa nguvu inayokua kwa mraba wa urefu wake, kwa hiyo urefu ukiongezeka kwa robo tu, nguvu hiyo huongezeka kwa asilimia 56, na boriti ikiwa ni ileile hubonyea katikati karibu mara mbili na nusu ya awali. Ukiinenepesha, inakuwa nzito zaidi, na uzito huo nao unahitaji wa kuubeba. Daraja la Quebec nchini Kanada liliongezwa urefu wake wa kati kutoka mita 488 hadi 549 bila uzito kukokotolewa upya mapema, na kosa lilipogundulika sehemu kubwa ya chuma ilikuwa imeshatengenezwa. Lilianguka likiwa bado linajengwa, tarehe 29 Agosti 1907, na mafundi 75 wakafa. Waliolisanifu hawakuwa wanagenzi.

Hata hivyo, boriti ndiyo sehemu rahisi ya kazi yetu. Madaraja mengi ya mtoni huanguka kwa sababu maji yamechimba chini ya msingi, wala si kwa kulemewa na malori. Mkondo unapogonga nguzo, sehemu ya maji hugeukia chini, huzunguka mguu wa nguzo kama parafujo na kuondoka na mchanga. Mafuriko yakipungua, shimo hilo hujazwa tena na mchanga laini, hivi kwamba anayekuja kukagua wakati wa kiangazi huona kitanda cha mto kimetulia na kuondoka ameridhika. Daraja la mto Schoharie, katika jimbo la New York, lilikuwa limesimama zaidi ya miaka 30 lilipoanguka katika mafuriko ya tarehe 5 Aprili 1987. Misingi yake ilikuwa ya kina kifupi, na watu 10 walipoteza maisha.

Wapo pia wanaotaka kufupisha daraja kwa kujaza kifusi kingo zote mbili. Tuliwahi kuitwa baada ya mteja kufanya hivyo kinyume cha ushauri wetu: maji yaliyozoea kupita kwa nafasi yalibanwa, yakapata kasi, yakazoa kifusi chote usiku mmoja. Daraja lenyewe lilibaki zima katikati ya mto, bila njia ya kulifikia upande wowote. Alilipia urefu aliokuwa ameukwepa, tena pamoja na kubomoa. (Huyo pia alikuwa ameambiwa kwamba mafuriko ya miaka 100 yakishapita hayarudi kwa miaka 100. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kwa daraja la kudumu miaka 50 hiyo ni karibu asilimia 40.)

Ada yetu si ndogo, na hatuoni haya kulisema. Penye mwamba ulio wazi hatuchorongi kina kirefu, na kivuko cha waenda kwa miguu hatukipimi kama barabara kuu. Lakini muhuri wetu hatuugongi kwenye mchoro ambao hatukuufanyia hesabu, kwa bei yoyote.

Mteja wetu alikubali mwishowe, kwa shingo upande, akaja mwenyewe kusimama kando ya mtambo wa kuchoronga akihesabu pamoja na fundi mapigo ya nyundo inayozamisha bomba la kupimia udongo. Shimo la kwanza lilikuta mwamba kwenye kina cha mita 4. La pili, ng'ambo ya mto, lilipita tope laini ambamo bomba la kupimia lilizama kwa mapigo mawili matatu, na mwamba ukaonekana kwenye mita 11. Misingi ya daraja la jirani, kwa mujibu wa ile michoro ya bure, ina kina cha mita 2.