Barua kwa binamu: mbona mfuko wa mkojo wa Mzee unajaa usiku

Binamu,

Umeuliza kwa nini mfuko wa Mzee mchana kutwa hauna kitu, halafu alfajiri umejaa pomoni, na usiku hanywi maji. Figo zake ni nzima. Alipoumia uti wa mgongo, kilichokatika pale shingoni ni njia ya amri za ubongo kwenda kwenye figo.

Amri hutoka kwenye haipothalamasi, sehemu iliyo ndani chini ya ubongo, na medula, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Hushuka hadi sehemu ya chini ya kifua, zikapokelewa na neva nyingine zinazoandamana na mshipa wa damu mpaka ndani ya figo. Ishara zikiwa chache, figo hutoa renini tu, kemikali inayoanzisha kupanda kwa presha. Zikiongezeka, huzuia chumvi, na maji huifuata. Zikizidi sana, mishipa ya damu ya figo hujikaza na mkojo hupungua. Claude Bernard alionyesha mwaka 1859 kwamba neva hizi zikikatwa kwa mnyama, mkojo huongezeka. Figo iliyopandikizwa nayo huanza kazi bila neva hata moja. Kwa hiyo usihofu kwamba za Mzee zitazimika.

Njia ya pili haipiti mgongoni: homoni ya vasopresini, inayosafiri kwa damu na kuziambia figo zibane maji. Kwa kawaida hupanda usiku. Kwa wengi walioumia shingo, haipandi.

Basi Mzee akikaa kwenye kiti, damu na maji hushukia miguuni, na amri ya kukaza mishipa haifiki. Presha inashuka, figo zinadhani maji yamepungua, zinayashika. Akilala, yote yanarudi, zinamwaga. Mlaze alasiri saa moja hivi, miguu imeinuliwa, ili sehemu itoke kabla ya usiku. Usiku mfungie mfuko wa lita 2. Maji ya mchana usimnyime. Mkojo mzito huleta vijiwe na maambukizi.

Lakini mimi naogopa jambo jingine zaidi. Chini ya jeraha, uti wa mgongo bado unafanya kazi, ila hauna wa kuuzuia. Mpira wa mkojo ukikunjika chini ya paja, kibofu kinajaa, uti unajibu kwa kukaza mishipa ya tumboni, ya figo ikiwemo. Presha inaruka. Ubongo unaona hatari, unapunguza mapigo ya moyo, lakini amri ya kulegeza mishipa haivuki jeraha. Hii huwapata hasa walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Utaona kichwa kinagonga, uso mwekundu, jasho juu ya jeraha, na vinyweleo vimesimama chini yake.

Kwanza mkalishe wima, miguu ining'inie. Kumlaza ni kosa, presha itazidi. Legeza mkanda na nguo. Fuata mpira kwa vidole kutoka mwilini hadi mfukoni. Kama umeziba, usafishe taratibu kwa mililita 10 hadi 15 za maji ya chumvi ya hospitali, vuguvugu. Ukigoma usisukume, ubadilishwe. Kibofu usikigandamize. Kama mkojo unatoka vizuri, shuku choo kigumu, lakini usichokonoe bila jeli ya ganzi: kuchokonoa kwenyewe hupandisha presha. Pima presha kila dakika 2 hadi 5. Isiposhuka, hospitali.

Na andika presha yake ya siku njema kwenye karatasi, ukae nayo. Kama namba ya juu huwa 95, basi 135 kwake ni dharura, hata mhudumu wa mapokezi akikuambia hiyo ni ya kawaida.