Barua ya Malalamiko: Mmetoa Springi za Viti vya 230 SL Yangu Bila Idhini

Mombasa

Kwa Meneja,
Idara ya Ushonaji wa Viti vya Magari,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: KUTOLEWA KWA SPRINGI KWENYE VITI VYA MERCEDES-BENZ 230 SL

Ninaandika baada ya kumpigia simu mhudumu wenu akanijibu kwamba sponji ndiyo ya kisasa na springi zimepitwa na wakati. Jibu hilo silikubali. Naomba barua hii isomwe na mtu anayeijua kazi ya viti.

Nilichoagiza kimo kwenye makadirio mliyonipa kwa maandishi, yenye muhuri wenu: kuvua ngozi, kubadilisha matandiko ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, yaliyokuwa yamesagika, kutengeneza springi zilizokatika upande wa dereva, kisha kuirudisha ngozi ile ile. Hakuna palipoandikwa kwamba springi zitatolewa. Nilipokuja kuchukua gari, kwa nje viti vilipendeza, mshono umenyooka na ngozi imepakwa mafuta, nikalipa salio lote.

Tatizo nilikutana nalo njiani. Nilipotoka Nairobi kiti kilikuwa kimeinuka kupita kawaida, mapaja yakigusa usukani, ambao kwenye gari hili ni mpana. Kufika Mtito Andei katikati pameshabonyea, na kila shimo la barabara nalisikia kwenye uti wa mgongo. Nyumbani nilimwita fundi anayeshona viti vya matatu, akafungua pete za waya chini ya kiti mbele ya macho yangu. Tulikuta ubao wa plaiwudi umepigwa skrubu kwenye fremu, na juu yake vipande vitatu vya sponji ya godoro vimeunganishwa kwa gundi, kingo zimekatwa kwa kisu bila kusawazishwa. Fundi alikibana kile kipande cha kati kwa vidole viwili, vidole vikakaribia kukutana. Matundu ya skrubu yametobolewa kwenye chuma cha tangu miaka ya 1960 na kuachwa bila hata tone la rangi. Kwa hewa ya chumvi ya huku Pwani, kutu itaanzia hapo hapo.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limeniuma, maana mhudumu wenu aliliona kama suala la ladha ya mteja. Kiti cha 230 SL kimejengwa kwa tabaka. Chini kabisa ni springi za kuzunguka zilizoshikanishwa kwenye fremu. Juu yake huja gunia, ili ncha za waya zisipenye. Kisha tandiko la usumba wa nazi ulioshikamanishwa kwa mpira, halafu pamba nyembamba, mwisho ngozi. Springi hukubali uzito taratibu na kadiri inavyobonyezwa ndivyo inavyozidi kukaza, kwa hiyo gari likiruka, mtu hatui kwa kishindo. Sponji hafifu husalimu amri mara moja, na ikishafika kwenye ubao hakuna tena cha kuzuia pigo. Pia kati ya springi kuna nafasi tupu inayopitisha hewa. Mtu anayeendesha gari la wazi kwenye joto la Mombasa analijua hilo kwa mgongo wake: sponji inashika jasho na unyevu, na kwa miaka michache ya hali kama hiyo huanza kumeguka ikawa unga.

Usumba sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa. Makumbi hufukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi, yakifukuliwa yanapondwa, na nyuzi zake bado hutoka imara kiasi cha kusokotwa kamba. Wajerumani hawakuuchagua kwa kukosa kingine, na hadi leo kwao kuna wanaotengeneza matandiko hayo kwa ajili ya magari haya. Mngeniambia hamna, ningeagiza mwenyewe.

Sina ugomvi na sponji inapokuwa mahali pake. Viti vya gari la MGB la Uingereza ni vya sponji iliyokaa juu ya mikanda ya mpira, na atakayevitia springi atakuwa amekosea kama mlivyokosea nyinyi. Hata kwenye gari langu, kama fundi wenu aliona springi haziponi, angenipigia simu, tukazungumza juu ya sponji nzito ya viti iliyochongwa kwa umbo lake. Huenda ningekataa, huenda ningekubali. Uamuzi ulikuwa wangu, kwa sababu gari ni langu. Nililirithi kwa marehemu baba, na springi zile alizikalia yeye.

Kwanza kabisa nataka kujua springi zangu ziko wapi. Kama bado zimo karakana, zihifadhiwe zote, pamoja na zilizokatika na zenye kutu, maana kutu husuguliwa na springi moja moja hubadilishwa. Kama mmezitupa au kuziuza chuma chakavu, mnitafutie nyingine za gari la aina hii hii kwa gharama yenu. Ubao utolewe, matundu ya fremu yazibwe na kupakwa rangi, matandiko ya usumba yawekwe kama tulivyoandikiana. Fedha ya ufundi niliyolipia kazi ya springi ambayo haikufanyika irudishwe.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili na ya kupewa habari za kutosha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 imelifafanua hilo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Nimeambatisha nakala ya makadirio, risiti, na picha za ndani ya viti vyote viwili.

Gari halitarudi Nairobi kwa viti hivi. Tumeni fundi Mombasa, na aje na springi.

Wenu,
Mwenye gari