Tufundisheni akina mama ishara za watoto njiti

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Mie nakaa huku Chake Chake, mtoto wangu wa tatu alizaliwa njiti, yaani kabla ya wakati, wiki ya 31 ya mimba na kilo 1.4, tukalazwa karibu mwezi mzima wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu, hospitali sitoitaja mana sina nia ya kumchongea mtu.

Kulikuwa na dada nesi mmoja wa zamu ya usiku. Huyu kabla hajamgusa mwanangu anakosha mikono, anaisugua mpaka ipate joto, halafu kiganja kimoja anaweka kichwani, kimoja anaikusanya miguu, anatulia tu. Mtoto akilegea akapeleka mkono mdomoni ndo anaanza kumbadilisha nepi. Usiku mmoja anampa maziwa kwa mpira wa puani, mara kitoto kikatanua vidole vyote vitano, kikakunja ndita, kikashikwa na kwikwi, dada akasimamisha hapo hapo akanambia "mama, kachoka huyu, tumpumzishe kidogo", na mashine ya kumwangalia mtoto ilikuwa hata haijalia! Wallahi tangu siku hiyo nikawa nakitazama kidole cha mwanangu kuliko ile skrini.

Zamu nyengine hali sio hiyo. Taa inawashwa usoni, nepi inavutwa haraka haraka, mtoto anapiga miayo na kugeuza uso, sisi tunadhani usingizi kumbe ndo anaomba aachwe. Siwalaumu manesi, mmoja anahangaika na watoto chungu nzima na kila mashine inalia kivyake, ataona kidole cha nani?

Sasa kwa nini sisi tusiwe macho yao? Tulikuwa tukiitwa saa ya kukamua maziwa tu, baada ya hapo tunakaa barazani. Wiki ya pili ndo nkaruhusiwa kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, nikamfunga kwa kanga, na pumzi yake ikatulia nikiisikia mwenyewe. Njia hii ya kangaruu ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa vile mashine za joto zilikuwa hazitoshi, na Shirika la Afya Duniani tokea 2022 linataka ianzwe mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, masaa 8 mpaka 24 kwa siku, sasa sie tunangojea wiki mbili za nini?

Ombi langu kwa Wizara ya Afya, mama apewe kiti pembeni ya mtoto wake mchana na usiku, afundishwe ishara hizi siku ya kwanza tu anapoingia. Na kila mtoto abandikwe karatasi, huyu akitanua vidole msimamishe, huyu akishikwa kichwa anatulia, ili nesi wa asubuhi ayakute aliyoyaona mwenzake wa usiku.

Mama wa mtoto njiti,
Chake Chake, Pemba